Usafi wa Usiku: Namna Ubongo Unavyoondoa Taka Zake na Nafasi ya Usingizi katika Kulinda Kumbukumbu

Soko la kata halifagiliwi saa 4 asubuhi. Wakati huo njia zimejaa wanunuzi, matoroli yanapishana na wapagazi, na kila meza imezungukwa na watu. Wafanya usafi husubiri hadi vibanda vifungwe jioni, ndipo hupita na mafagio kuondoa majani ya migomba, maganda ya miwa na mboga zilizooza. Wasipopita usiku mmoja, soko litafunguliwa kesho yake kama kawaida. Wasipopita mwezi mzima, mitaro itaziba, inzi watazaliana, na hatimaye biashara yenyewe itadorora.

Ubongo wa mwanadamu una kazi inayofanana na hiyo. Mchana kutwa huzalisha taka, na taka hizo hazina budi kuondolewa. Sehemu kubwa ya ushahidi uliopo inaonyesha kuwa kazi hiyo hushika kasi mtu anapokuwa usingizini. Somo hili linaeleza namna usafi huo unavyofanyika, madhara yanayoweza kutokea unapokwama, na hatua ambazo mkazi wa kawaida anaweza kuzichukua nyumbani na katika zahanati iliyo karibu naye ili kuulinda ubongo wake na wa wazee wake.

TAKA ZINAZOTOKANA NA KAZI YA UBONGO

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Hata hivyo, mwili unapokuwa umetulia, ubongo peke yake hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Jiko linalowaka kwa nguvu huacha majivu mengi. Vivyo hivyo, seli za ubongo zinapofikiri, kukumbuka, kuona na kuongoza viungo, huacha mabaki mengi. Miongoni mwa mabaki hayo zimo protini ambazo hazihitajiki tena.

Protini mbili kati ya hizo zimechunguzwa zaidi kuliko nyingine. Ya kwanza ni amiloidi beta, ambayo hujikusanya nje ya seli. Ya pili ni tau, ambayo hujisokota ndani ya seli. Ifahamike kwamba protini hizi si sumu ngeni iliyotoka nje ya mwili. Mwili wenyewe huzitengeneza, hata kwa kijana mwenye afya njema. Tatizo huanza pale zinapobaki mahali pasipostahili, zikashikamana na kuwa mabonge ambayo seli haziwezi kuyavunja kwa urahisi.

Mabonge hayo yalielezwa na daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, alianza kumhudumia mwanamke aitwaye Auguste Deter, mwenye umri wa miaka 51, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa. Mwanamke huyo alifariki dunia mwaka 1906. Daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini na kuona mabonge nje ya seli pamoja na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Ugonjwa huo leo unaitwa kwa jina la daktari huyo. Ndio chanzo kikuu cha demensia, yaani hali ya kupotewa na kumbukumbu, uwezo wa kufikiri na uwezo wa kujihudumia kwa kiwango kinachozidi kile cha uzee wa kawaida. Katika ugonjwa wa Parkinson, unaomfanya mtu atetemeke na kutembea kwa shida, protini nyingine iitwayo alfa-sinukleini ndiyo hujikusanya.

Jambo la kuzingatia ni muda. Amiloidi beta inaweza kuanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili ya kwanza kuonekana. Kwa hiyo, ugonjwa unaoonekana kwa mzee wa miaka 70 huenda ulianza akiwa na miaka 50, wakati bado analima, anafanya biashara au yuko kazini, na hakuna aliyedhani ana tatizo lolote. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa kimya kimya.

MFEREJI ULIOKUWA HAUJAONEKANA

Sehemu nyingine za mwili zina mishipa ya limfu, ambayo hukusanya majimaji na mabaki kutoka kati ya seli na kuyarudisha kwenye damu. Tezi zinazovimba shingoni au kwapani mtu anapopata maambukizi ni vituo vya mtandao huo. Lakini ndani ya nyama ya ubongo mishipa ya namna hiyo haikuonekana. Swali likabaki: kiungo kinachofanya kazi nyingi kiasi hicho huondoaje taka zake?

Jibu moja lilipatikana mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York nchini Marekani. Kundi la watafiti wakiwemo Maiken Nedergaard na Jeffrey Iliff lilitia rangi inayong'aa katika maji yanayouzunguka ubongo wa panya walio hai, kisha likafuatilia kwa hadubini maalumu maji hayo yanakwenda wapi. Walichokiona kilikuwa mfumo wenye njia ya kuingilia na njia ya kutokea. Waliuita mfumo wa glimfatiki, jina lililoundwa kutokana na seli za glia, ambazo ni seli wasaidizi za ubongo, na mfumo wa limfu ambao kazi yake inafanana nao.

Kazi ya mfumo huo inaweza kuelezwa kwa hatua tano.

Hatua ya kwanza ni maji. Ubongo na uti wa mgongo huzungukwa na maji maangavu. Kwa wakati wowote mtu mzima huwa na takriban mililita 150 za maji hayo, kiasi kisichojaza hata kikombe kimoja cha chai. Lakini mwili hutengeneza takriban mililita 500 kila siku, hivyo maji yote hubadilishwa mara tatu au zaidi kwa siku moja.

Hatua ya pili ni njia. Kila mshipa mkubwa wa damu unaoingia ndani ya ubongo umezungukwa na nafasi nyembamba, mfano wa bomba dogo lililo ndani ya bomba kubwa. Damu hupita ndani, na maji ya ubongo hupita katika nafasi hiyo ya nje.

Hatua ya tatu ni milango. Kuta za njia hiyo zimefunikwa na vikanyagio vya seli zenye umbo la nyota. Katika vikanyagio hivyo kuna matundu madogo sana ya kupitishia maji, yaitwayo akwaporini-4. Panya waliozaliwa bila matundu hayo walionekana kuondoa taka za ubongo polepole zaidi kuliko wenzao.

Hatua ya nne ni msukumo. Hakuna pampu ya pekee iliyowekwa kwa ajili ya kazi hii. Mapigo ya moyo ndiyo hutikisa kuta za mishipa ya damu, na mtikisiko huo husukuma maji mbele. Kupumua nako husaidia.

Hatua ya tano ni mahali pa kutokea. Maji yakiwa yamebeba taka hutoka kwa kufuata mishipa ya damu inayorudi moyoni, na pia kupitia mishipa ya limfu iliyomo katika utando unaoufunika ubongo. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, moja la Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani na jingine la Helsinki nchini Finland, yalionyesha mishipa hiyo katika panya. Kutoka hapo taka hufika kwenye tezi za shingoni, huingia katika damu, na mwishowe huvunjwavunjwa au kutolewa nje na ini na figo.

Njia hii si ya pekee. Seli zenyewe huvunja baadhi ya taka, na taka nyingine huvushwa moja kwa moja kupitia kuta za mishipa ya damu. Njia zote hizo hufanya kazi pamoja, kama vile mji unavyohitaji gari la taka, mitaro ya maji ya mvua na wakazi wanaofagia mbele ya nyumba zao.

KWA NINI USIKU

Mwaka 2013 kundi lile la Rochester lilichapisha matokeo mengine. Panya walipolala, nafasi zilizo kati ya seli za ubongo wao zilipanuka kwa takriban asilimia 60, na amiloidi beta iliondolewa kwa kasi mara mbili ya ile ya wakati wakiwa macho. Ilionekana kwamba kemikali ya mwili inayomweka mtu katika hali ya tahadhari, noradrenalini, inapopungua usingizini, njia hufunguka. Ni sawa na soko lililofungwa: meza zikisogezwa, maji ya kuoshea hupita.

Kwa binadamu, uchunguzi ulifanyika kwa njia nyingine. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliwapima watu waliolala ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Katika usingizi mzito, seli za ubongo hutulia na kuamka kwa pamoja katika mawimbi ya polepole. Kila wimbi lilipopita, damu kiasi ilipungua ubongoni na wimbi la maji likafuata kuchukua nafasi yake. Usingizi huo mzito hutokea zaidi katika saa za mwanzo za usiku.

Uchunguzi wa aina ya tatu uliangalia kinachotokea usingizi unapokosekana. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwapima watu wazima 20 wenye afya, mara moja baada ya kulala na mara moja baada ya kukesha. Usiku mmoja tu wa kukesha ulitosha kuonyesha ongezeko la amiloidi beta katika maeneo ya ubongo yakiwemo yale yanayohusika na kumbukumbu. Mwaka 2021 madaktari wa Oslo, Norway, walionyesha kuwa kemikali ya kupimia waliyoiweka katika maji ya uti wa mgongo iliondoka ubongoni polepole zaidi kwa watu waliokesha usiku mmoja, na kwamba kulala usiku uliofuata hakukufidia upungufu huo.

Mwaka huohuo wa 2021 yalichapishwa matokeo ya ufuatiliaji wa watumishi wa umma wa Uingereza. Karibu watu 8,000 walifuatiliwa kwa miaka 25. Waliokuwa wakilala saa 6 au pungufu kwa mfululizo, walipokuwa na umri wa miaka 50, 60 na 70, walikuwa na uwezekano wa kupata demensia uliozidi kwa asilimia 30 ule wa wenzao waliolala saa 7.

MAMBO AMBAYO BADO YANAJADILIWA

Haki ya msomaji ni kuelezwa pia pale ambapo wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London walipima panya kwa njia tofauti na kupata matokeo yaliyopingana na yale ya 2013: kwa kipimo chao, kuondoka kwa rangi ya majaribio ubongoni kulipungua kwa takriban asilimia 30 panya walipolala. Mjadala kuhusu njia sahihi ya kupima unaendelea.

Vilevile, mtu mwenye usingizi mbaya anaweza kuwa tayari ana ugonjwa ulioanza kimya kimya, na ugonjwa huo ndio ukawa unamnyima usingizi. Kwa sababu hiyo hakuna daktari mwaminifu anayeweza kuahidi kwamba anayelala vizuri hatapata demensia. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba usingizi wa kutosha hulinda moyo, shinikizo la damu, sukari na kumbukumbu ya kila siku, na kwamba mambo hayo yote yanahusiana na afya ya ubongo uzeeni. Anayelinda usingizi wake hana anachopoteza.

Kutokana na hayo, wakazi wanatahadharishwa dhidi ya wauzaji wa vidonge, unga au vinywaji vinavyodaiwa kusafisha ubongo. Hakuna dawa ya namna hiyo iliyothibitishwa. Fedha inayotumika kununulia chupa hizo ingefaa zaidi kununulia chandarua, godoro au dawa ya shinikizo la damu iliyoandikwa na daktari.

MSHIPA MGUMU NA KICHWA KILICHOPATA PIGO

Ikiwa maji ya ubongo husukumwa na mapigo ya mishipa ya damu, basi afya ya mishipa hiyo ni afya ya usafi wa ubongo. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa shinikizo la damu linapopanda, mwendo wa ukuta wa mshipa hubadilika na maji hupungua kasi. Mbali na hilo, shinikizo la juu huharibu mishipa midogo ya ubongo moja kwa moja na kusababisha kiharusi, ambacho nacho ni chanzo kikubwa cha demensia.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mtu ana shinikizo la juu la damu anapopimwa katika siku mbili tofauti na kukutwa na kipimo cha juu cha 140 au zaidi, au kipimo cha chini cha 90 au zaidi. Wengi wenye hali hiyo hawasikii maumivu yoyote. Kwa hiyo, kusubiri kuumwa kichwa ndipo mtu akapime ni kuchelewa.

Pigo la kichwa nalo lina madhara. Katika panya waliopata jeraha la ubongo, mfumo wa glimfatiki ulifanya kazi chini ya kiwango chake kwa wiki kadhaa, na tau ikajikusanya. Dereva wa bodaboda na abiria wake wanaovaa kofia ngumu wanakinga maisha yao ya leo, na pia kumbukumbu zao za miaka 30 ijayo.

Mwaka 2024 jopo la kimataifa la wataalamu lililoitishwa na jarida la The Lancet lilieleza kuwa takriban asilimia 45 ya matukio ya demensia duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa endapo mambo 14 yangedhibitiwa. Miongoni mwake ni shinikizo la juu la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, unywaji wa pombe kupita kiasi, kutofanya mazoezi, majeraha ya kichwa, sonona, upweke, hewa chafu, elimu duni utotoni, na matatizo ya kusikia na kuona yasiyotibiwa. Karibu yote yanagusa huduma zinazotolewa katika ngazi ya kata: zahanati, shule, barabara, na vikundi vya kijamii.

MZEE ANAYESAHAU HAJALOGWA, WALA SI MCHAWI

Wapo wanaodhani kwamba demensia ni ugonjwa wa nchi tajiri. Takwimu zinakanusha. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya asilimia 60 ya watu wenye demensia wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Tanzania, utafiti uliofanyika katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulihusisha wazee karibu 1,200 wa vijijini wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kiwango cha demensia kilikuwa asilimia 6.4, yaani takriban mzee mmoja kati ya kila 16.

Maana yake ni kwamba karibu kila kitongoji kina mzee wa namna hiyo. Ni bibi anayeuliza swali lilelile mara tano kabla chai haijapoa. Ni babu anayetoka kwenda shambani na kukutwa jioni kijiji cha pili, asijue njia ya kurudi. Ni mama aliyekuwa mweka hazina wa kikundi kwa miaka mingi, ambaye sasa hawezi kuhesabu chenji na anawatuhumu wajukuu kwamba wamemwibia. Mara nyingi familia husema ni uzee tu, ikakaa kimya. Wakati mwingine husema amelogwa, ikauza mbuzi kumlipa mganga. Na ubaya unaozidi yote ni pale mzee mwenyewe anapoitwa mchawi kwa sababu anazungumza peke yake au anatangatanga usiku. Katika baadhi ya maeneo ya nchi, wanawake wazee wamepoteza maisha kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Mzee huyo ni mgonjwa, na anastahili kupimwa. Tena baadhi ya sababu za usahaulifu hutibika: maambukizi, sonona, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sukari iliyoshuka, kaswende ya muda mrefu, au dawa anazotumia kutopatana. Hata kutosikia vizuri kunaweza kumfanya mtu aonekane amechanganyikiwa. Anayempeleka mzee kwa mganga kwanza anaweza kupoteza miezi ambayo ingetosha kumtibu. Na hata ikithibitika kuwa ni demensia isiyopona, familia ikielewa ugonjwa huo hupata njia ya kuishi nao bila ugomvi na bila aibu.

HATUA ZA KUCHUKUA NYUMBANI

Wakazi wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

1. Kulala muda wa kutosha. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kila usiku. Mtoto wa umri wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mwanafunzi anayekesha kujisomea hukipunguza kile anachotafuta kukijaza.

2. Kulala na kuamka kwa saa zilezile, hata siku za mapumziko, ili mwili uzoee.

3. Kuepuka kahawa na chai ya rangi kuanzia alasiri, na kutotumia pombe kama dawa ya usingizi. Pombe humlaza mtu haraka lakini huukatakata usingizi wake usiku.

4. Kuiweka simu mbali na kitanda. Mwanga wake na habari zake humweka mtu macho.

5. Kulala ndani ya chandarua. Anayepambana na mbu hapati usingizi mzito, mbali na hatari ya malaria.

6. Kumpeleka kituoni mtu anayekoroma kwa nguvu na kuonekana kukatika pumzi usingizini, kisha akasinzia mchana. Hali hiyo ni ugonjwa na ina tiba.

7. Kutembea kwa miguu, kulima au kufanya mazoezi siku nyingi za wiki, na kuacha sigara.

8. Kupika mahali penye hewa ya kutosha, ili moshi utoke nje.

Walinzi, wauguzi, madereva wa masafa na wengine wanaofanya kazi usiku wanashauriwa kulala mchana katika chumba chenye giza na utulivu, na familia ziwaheshimu saa hizo kama zinavyoheshimu usiku. Kadhalika, anayemuuguza mzee mwenye demensia hukosa usingizi mwezi baada ya mwezi, na mara nyingi huwa ni binti au mkwe mmoja tu aliyeachiwa mzigo wote. Ndugu wapangiane zamu za usiku. Kumlinda mlezi ni sehemu ya kumlinda mzee.

Usingizi pia ni suala la ujirani. Spika za baa na kumbi zinazopigwa hadi alfajiri huwanyima haki hiyo watoto, wagonjwa na wazee wa mtaa mzima. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinaweka mipaka ya kelele. Mkazi anayesumbuliwa aanze kwa kutoa taarifa katika ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, au kwa mtendaji wa kata.

HUDUMA NA MAHALI PA KUANZIA

Mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea asisubiri kuugua. Afike zahanati kupima shinikizo la damu na aulize kuhusu kipimo cha sukari. Aliyeandikiwa dawa za shinikizo asiziache anapojisikia nafuu, kwa kuwa nafuu hiyo imeletwa na dawa hizo.

Familia yenye mzee anayesahau ianze na mhudumu wa afya ngazi ya jamii au zahanati. Iende na maelezo haya: tatizo lilianza lini, lilianza ghafla au polepole, mzee anatumia dawa gani, aliwahi kuanguka au kuumia kichwa, na analala vipi. Usahaulifu ulioanza ghafla ndani ya saa au siku chache, ukiambatana na homa, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu, ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Tatizo likizidi uwezo wa zahanati, mgonjwa atapewa rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Mzee asiye na uwezo wa kugharamia matibabu afikishe suala lake kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na afisa ustawi wa jamii, ambao ndio mahali pa kuanzia utaratibu wa utambuzi wa wanaostahili msamaha. Afikapo kituoni, aulize dirisha la wazee.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa ubongo hauonekani kwa macho, lakini mambo mengi yanayouziba yamo ndani ya uwezo wa kila kaya: taa kuzimwa mapema, shinikizo kupimwa, kofia ngumu kuvaliwa, na mzee anayesahau kushikwa mkono na kupelekwa zahanati badala ya kunyooshewa kidole.